Ndama Walikunywa Maji Yale Yale

Mimi ni mstaafu wa miaka ishirini na tisa. Mkitaka kucheka chekeni sasa hivi tumalize, maana nina mengi ya kusema na gari la Mugumu halitaningoja.

Nyie wawili mnaochukua kiti changu hapa dukani Nyangoto, mambo ya printa na bei za kopi mwenye duka atawafundisha. Mimi nawaachia ile kompyuta ya dirishani, yenye kipande cha boksi juu yake kilichoandikwa TUNATAFUTA CHOCHOTE MTANDAONI. Niliandika mimi, na mwandiko ni mbaya kwa sababu nilikuwa na haraka. Tangu nimalize kidato cha nne nimefanya kazi hiyo hiyo, kwanza Sirari, halafu hapa. Mtu anakuja na swali lake, namtafutia.

Najua mtasema, dada, siku hizi kila mtu ana simu. Ni kweli, na bado wanakuja. Wanakuja kwa sababu bando limekata, kioo kimepasuka, macho hayaoni maandishi madogo, au wametafuta wiki nzima wakaletewa takataka. Huyo wa mwisho ndiye mteja wenu hasa. Akikaa mbele yenu ameshakasirika, na nyie mkiwa na haraka kama mimi mtamuongezea takataka nyingine.

Kule Sirari nilimkuta Dada Pili, mtu wa Tabora. Ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mnene, mpole, na alikuwa anakunywa chai polepole mpaka inanikera. Mteja akisema anachotaka, mimi mkono ulikuwa umeshafika kwenye kibodi. Dada Pili alikuwa ananishika kidole. Siyo mkono, kidole kimoja tu, kama anazuia mtoto asiguse jiko. "Nyangi," ananiambia, "hujajua anachotafuta. Umejua alichosema."

Nilimwona anachelewesha biashara, mpaka siku ya dereva wa lori. Alikuja asubuhi anataka kujua utaratibu wa kupata leseni mpya, ya zamani imeisha muda. Dada Pili alikuwa ameenda kununua maandazi, nikaona hii ya kwangu. Nikatafuta, nikapata ukurasa mzuri umeelezea kila kitu hatua kwa hatua, nikamchapia. Akaondoka anashukuru. Mchana akarudi ameshika karatasi ile ile. "Dada," akasema, "nimeenda Isebania. Wamenikaribisha vizuri, wamenipa na kiti. Ila wanasema mimi siyo wa kwao."

Pale Sirari, mpakani, intaneti yetu siku nyingine ilikuwa inadaka mnara wa upande wa pili, na mtandao ukadhani tuko Kenya. Ukaleta leseni za Kenya, ofisi za Kenya, bei kwa hela ya Kenya. Mimi sikusoma juu wala chini ya ukurasa, nilisoma katikati tu. Kwa hiyo jambo la kwanza: kabla hujasoma jibu, angalia limetoka wapi. Soma ile anwani juu, mwishoni kabisa. Ikiishia na tz ni kwetu, ikiishia na ke ni kwa majirani. Ukiona hivyo rudi, ongeza neno Tanzania, ongeza na Tarime kama jambo lenyewe ni la hapa hapa. Ni kazi ya sekunde chache, na ingemwokoa dereva wa watu asivuke mpaka bure. Siku hizi madereva wakipita hapa wananiuliza kama bado natoa leseni za Kenya. Nawajibu nimepandisha bei.

Halafu kuna majina. Huku kwetu ukitafuta Mwita Chacha peke yake utaletewa nusu ya mkoa. Alikuja mama mmoja anamtafuta mdogo wake wa jina hilo, alikwenda kuchimba dhahabu Chunya akanyamaza. Dada Pili akaandika jina, akalifunga kwa zile alama za usemi mwanzoni na mwishoni ili yale maneno mawili yatokee pamoja na kwa mpangilio ule. Bado walikuja wengi. Akamgeukia mama, akamuuliza huyo mdogo wako anapenda nini. Mama akashangaa, akasema anapiga gitaa, tangu utotoni anapiga gitaa kanisani. Dada Pili akaongeza kwaya na gitaa na Chunya. Picha ya tatu, mama akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta na hakukitoa. Jamaa alikuwa amesimama mstari wa nyuma, amenenepa. Mama akasema kwa Kikurya kitu ambacho sitakitamka, ila kilikuwa na furaha ndani yake.

Na yule kijana wa kutoka upande wa Serengeti aliyetaka kazi kwenye kambi za watalii, aliandika "Serengeti kazi" kwenye simu yake akaletewa simba, puto, na bei za kulala usiku mmoja zilizomtia hasira. Dada Pili alimwambia maneno ambayo ningependa nyie myaandike ukutani: andika maneno ambayo mwenye jibu angeyaandika. Mwenye hoteli anayetafuta mfanyakazi haandiki "kazi". Anaandika nafasi za kazi, mhudumu wa vyumba, mpishi msaidizi, mwisho wa kutuma maombi. Basi na wewe andika hivyo hivyo, weka na mwaka huu, la sivyo utaomba kazi iliyojazwa kabla hujabalehe. Na vile vya juu vyenye neno tangazo, hao wamelipa wakae mbele. Shuka chini.

Dada Pili alirudi kwao Tabora kumuuguza mama yake, mimi nikaja huku Nyangoto. Nilijiona nimeshajua. Najua alama, najua anwani, najua kushuka chini. Lakini kitu kimoja alichokuwa ananiambia nilikuwa nakisikia tu kama redio ya jirani. Alikuwa anasema, "Ukiandika jibu ndani ya swali, utaletewa jibu lako mwenyewe limevaa suti."

Sikuelewa mpaka siku ya Mzee Mwita.

Mzee Mwita ni mfugaji wa Gorong'a. Alifika kabla ya saa sita na pikipiki, amepanda yeye na mke wake, Mama Bhoke. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Mwanaume wa Kikurya mwenye ng'ombe wagonjwa hana muda wa salamu ndefu, hilo mtalizoea. Akakaa, fimbo katikati ya magoti, akasema, "Mwanangu, nitafutie sumu ya dhahabu inavyoua ng'ombe."

Nikamuuliza kidogo, siyo sana. Alikuwa na kijana wake, Marwa, anataka kuoa. Wakwe walikuwa wameomba katika mahari wawemo na ng'ombe wa kisasa, siyo wale wetu wadogo wa kienyeji peke yao. Mzee akanunua majike watatu kwa mfugaji mmoja anayewafugia bandani, analetewa majani mpaka mdomoni. Akawaleta nyumbani, wakawa wanakwenda malishoni na wenzao. Haukupita muda mrefu mmoja akafa. Wawili waliobaki wamelala, hawali. Na juu kidogo ya kijito wanapokunywa, kuna mchimbaji anaitwa Masanja, mtu wa kuja kutoka Kahama. Amekodi kipande cha ardhi, anaosha mchanga wa dhahabu kwenye karai, na anatumia zebaki kuikamata. Mzee alikuwa ameshaunganisha kila kitu kichwani. Alichokuwa anakosa ni karatasi.

"Saa nane tuna ritongo," akasema. "Huyo mtu aondoke leo."

Kwa ambaye hajakulia huku, ritongo ni kikao cha wanaume wa kijiji, ndiko ugomvi unakoamuliwa. Ukitengwa pale, hakuna atakayekuuzia hata chumvi. Ukiambiwa uondoke, unaondoka na nguo uliyovaa, na vijana wakiwa wameshapandwa na hasira, hata kufika barabarani mzima ni bahati yako. Kila mtu wa Tarime anajua habari ya mtu fulani ambaye hakufika barabarani.

Mimi nikaandika kama alivyosema. Sumu ya zebaki kuua ng'ombe. Siku hizi, mmeshaona, juu kabisa panatokea jibu lililoandikwa na mashine yenyewe, limepangwa vizuri kama barua ya ofisi. Likasema ndiyo, zebaki inaweza kuingia kwenye maji, mifugo ikinywa inaweza kudhurika, inaweza kudhoofika, inaweza kufa. Chini yake kurasa nyingi, zote zebaki, zote wachimbaji, mikono yao inavyotetemeka, mtoto tumboni anavyodhurika, picha za maji machafu. Nilikuwa namsomea, na kila sentensi Mzee Mwita alikuwa anaitikia kwa kichwa.

"Hiyo," akasema. "Hiyo hiyo. Chapa."

Nikachapa. Ndiyo kazi, mteja akisema chapa unachapa. Kila neno kwenye karatasi ile lilikuwa la kweli. Sijui mtu wa kusoma yale akasema ni uongo. Lakini hakuna hata mstari mmoja uliosema ng'ombe wa Mzee Mwita amekufa kwa zebaki. Sisi ndio tuliotia zebaki kwenye swali, mtandao ukatuletea zebaki. Na huku kwetu maneno ya mdomo yanapingwa, kila mtu ana mdomo. Karatasi iliyotoka kwenye printa ikiwa bado na joto haipingwi. Watu wanaishika kwa mikono miwili.

Mzee akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akapanda pikipiki akatangulia. Mama Bhoke alibaki kutoa kopi ya kadi ya kliniki ya mjukuu wake na kungoja simu yake ipate chaji kidogo. Nikawa nimeanza kufikiria chakula cha mchana. Yeye amekaa pale kwenye benchi, anaitazama kompyuta, halafu akasema kama anaongea na ukuta, "Na hiyo zebaki, inamfanya ng'ombe akojoe damu?"

Nikamwambia, "Mama, wanakojoa damu?"

"Mkojo mwekundu. Kama chai ya rangi iliyokolea."

"Mzee hakusema."

"Hukumuuliza. Na yeye haamki alfajiri kukamua."

Hapo ndipo nikasikia kidole changu kimeshikwa. Kweli kabisa, wadogo zangu, nilitazama mkono. Nikasogeza kiti. Nikamuuliza yale ambayo Dada Pili angeuliza kabla chai haijapoa. Nikamwambia asiniambie anafikiri ni nini, aniambie alichoona kwa macho.

Mama Bhoke akaanza kuhesabu kwa vidole. Wana joto, ukiwagusa masikio yanachoma. Hawacheui. Fizi zimepauka, zina umanjano. Mkojo ndio huo.

"Ni wote?"

"Wale wageni tu. Wetu wa siku zote wanakula."

"Na ndama?"

"Ndama wanarukaruka tu, hawana habari."

"Ndama wanakunywa maji wapi?"

Akanitazama kama anamtazama mtu asiye na akili. "Kwani tuna vijito viwili?"

Nadhani tulifika pale pamoja. Kama maji ndiyo yenye sumu, ingeanza na ndama, maana ni wadogo. Na hawa wa kienyeji wanakunywa hapo tangu huyo Masanja aje, na wako wazima.

Basi nikafuta. Nikafuta sumu, nikafuta zebaki, nikafuta dhahabu. Nikaandika tu kile macho ya Mama Bhoke yalichoona: mkojo mwekundu, homa, fizi. Ukurasa wa kwanza ukaleta magonjwa ya binadamu, figo na kibofu, karibu nitukane. Nikaongeza ng'ombe, nikaongeza mifugo. Hapo ikabadilika. Ikatokea makala ya wafugaji, ikatokea ya pili, ikatokea ya upande wa Kenya, na hiyo niliisoma bila shida kwa sababu ugonjwa hauna kitambulisho cha taifa. Nikaandika tena kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, red urine cattle, zikaja nyingi zaidi na zote zinasema jambo moja. Huo ugonjwa wafugaji wanauita mkojo damu. Unaletwa na kupe. Unawapiga sana ng'ombe wakubwa waliotoka mahali pasipo na kupe wakaletwa mahali penye kupe. Ndama wanauvumilia kuliko wakubwa. Waliozaliwa kwenye kupe wameshazoea.

Niliposoma hilo la ndama nilimsomea Mama Bhoke mara mbili. Halafu nikaangalia saa. Ilikuwa saa saba imeshapita.

Mama Bhoke akasema, "Dawa yake gani, nipite dukani ninunue?" Na dawa ilikuwa imeandikwa pale, jina na kipimo. Nikamkatalia. Nilimwambia mimi naishia kwenye swali, sindano ina mwenyewe. Hili nalo mlishike, maana mtaulizwa dawa kila siku, za ng'ombe na za watu. Mtandao utakusaidia kujua umuulize nani na umuulize nini. Usichome mtu, usichome ng'ombe.

Tukampigia bwana mifugo. Alikuwa kijiji kingine, nyuma yake nasikia ng'ombe wanapiga kelele kwenye josho. Nikamsomea vile vitu kama Mama Bhoke alivyovihesabu, sikumtajia jina la ugonjwa wala la Masanja. Nilikuwa nimeshajifunza kwa siku ile. Yeye mwenyewe akauliza, "Hao ni wa kuletwa?" Mama Bhoke akasema ndiyo. "Nakuja," akasema. "Asichinje mtu, na aliyekufa msimle."

Nikachapa karatasi ya pili. Nikaweka herufi kubwa, nikapiga mstari kwa kalamu chini ya maneno mawili, wakubwa na ndama. Mama Bhoke akaishika, halafu akasimama mlangoni.

"Nampa nani? Mimi pale sina mdomo."

Wanawake kwenye ritongo hawasimami kusema, labda waitwe. Nikamwambia, "Mpe Marwa." Marwa ndiye mwenye mahari, na alisoma mpaka kidato cha nne, na hakuna mwenye haki ya kuwa na hasira kuliko yeye. Mama akafunga karatasi kwenye pindo la kanga, akaita bodaboda, akaondoka amekaa upande kama anakwenda sokoni.

Mimi nikabaki na duka.

Sina subira, wote mnajua. Mchana ule nilitoa kopi za mtu nikazipanga kinyume. Alikuja mwalimu anataka mtihani wake upangwe vizuri, nikamwambia kompyuta inapumzika. Nilipiga simu ya Mama Bhoke, haipatikani. Tuliichaji kidogo tu. Nilikuwa naona ile karatasi ya kwanza mfukoni mwa mzee, mimi ndiye niliyeichapa, na mtu aliyekuwa anakwenda kuamuliwa nayo sikuwahi hata kumwona sura. Sikuwa na la kufanya. Nikafagia. Nikafagia tena.

Jioni jua bado lipo, simu ikaita kwa namba nisiyoijua. Ni Mama Bhoke, ameazima.

"Amebaki," akasema.

Nilikaa chini sakafuni, pale nilipokuwa nimefagia. Nikamwambia, "Mama, rudia." Akarudia, halafu akanisimulia, na baadaye Marwa akanisimulia tena, na simulizi zao zinafanana, kwa hiyo nawapa.

Kikao kilikuwa pale penye mawe, watu wengi, vijana wamekuja na fimbo zao. Masanja amesimama peke yake, hata karai lake ameliacha. Mzee Mwita akatoa karatasi, akampa Marwa asome kwa sauti. Marwa akasoma. Kila sentensi watu wanaitikia, kama mzee alivyokuwa anaitikia kwangu. Alipomaliza, Masanja akaulizwa kama anatumia zebaki. Akasema ndiyo, natumia, siwezi kukataa.

Hapo Marwa akatoa ya pili. Mama yake alikuwa amempenyezea kwa nyuma. Akasema, "Wazee wangu, kuna nyingine," akaisoma hata hajaulizwa. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja wa mbele akamwita.

"Wee mura, wewe kijana, hizo karatasi mbili zimetoka wapi?"

"Nyangoto. Dukani."

"Duka moja?"

"Moja."

"Kwa hiyo hilo duka linauza majibu ya pande zote mbili."

Watu wakacheka. Kicheko kile, Mama Bhoke anasema, ndicho kilichoshusha fimbo chini. Yule mzee akangoja watulie, halafu akamgeukia Mzee Mwita, akamuuliza swali moja tu.

"Mwita, ndama wako wanakunywa wapi?"

Mzee Mwita angeweza kusema wanakunywa kwingine, nani angemkatalia, boma ni lake. Akasema, "Hapo hapo."

"Wazima?"

"Wazima."

Akakaa chini. Ikaamuliwa wamngoje bwana mifugo. Akaja, wakaenda wote mpaka bomani, wanaume wote wale nyuma yake. Akainua mkia wa mmoja, akafunua masikio ya mwingine, akawaonyesha kupe waliovimba kama mbegu za nyonyo. Akachoma sindano. Akawaambia wakubwa wa kisasa wasiachiwe porini bila kuogeshwa. Wale wawili wakaamka. Yule wa kwanza ndiyo alishakufa, hakuna karatasi ya kumrudisha. Marwa ameoa, ila alichelewa kidogo, na mke wake kila nikikutana naye ananiita wakala wa mahari.

Kwa hiyo, wadogo zangu, mteja akija na swali, mara nyingi anakuja na hukumu ameivika alama ya kuuliza. Anataka umtafutie shahidi. Mtandao ni shahidi wa kila mtu, na siku hizi unaongea vizuri kuliko mwanzo, ndiyo hatari yenyewe. Toa hukumu kwenye maneno unayoandika. Acha macho tu. Ukimaliza kutafuta vile mteja alivyosema, tafuta na upande mwingine, kama hajaondoka mlangoni. Ukikuta kurasa tatu, angalia kama ni watu watatu au ni mmoja amenakiliwa mara tatu. Na muulize anayekamua.

Mzee Mwita alirudi dukani. Nilidhani anakuja kunigombeza, nikasimama kabisa. Akaniletea maziwa kwenye kibuyu, akakaa na fimbo yake. Akaitazama kompyuta muda mrefu.

"Hiyo mashine yako," akasema, "inakubali kila kitu. Kama mkwe mpya."

Nilicheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo akinituma kutafuta kitu anasema kwanza, "Mimi sijui ni nini, ila nimeona hivi." Nimekutana na watu wenye madaraka hapa wilayani ambao hawajaweza kusema nusu ya sentensi hiyo.

Sasa la mwisho, gari limeshapiga honi mara moja.

Wiki chache baada ya mambo yale alikuja mtu nisiyemjua. Mrefu, mwembamba, viatu vina matope makavu. Aliamkia kwa lafudhi ya kwao, akauliza kama mimi ndiye yule dada wa karatasi. Nikamwambia karatasi gani, hapa tunachapa nyingi. Akasema zile mbili.

Alikuwa Masanja. Nilimpa kiti. Nilianza kumwambia kwamba ile ya kwanza, kaka, unajua, mteja akisema chapa. Akanizuia kwa mkono. Hakuja kwa hilo.

"Ile ya kwanza," akasema, "niliisikia ikisomwa yote. Nimesimama pale najua leo naondoka, labda siondoki hata mzima, na bado nilikuwa nasikiliza. Ile ya mikono kutetemeka. Ile ya mtoto tumboni. Mke wangu ndiye anayechanganya, dada. Kwa mikono."

Akatazama chini.

"Yule ng'ombe haikumuua. Sawa, nimepona. Ila haikusema uongo."

Akaniambia nimtafutie namna ya kuosha dhahabu bila zebaki. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kibodi, mnanijua. Nikaurudisha. Nikamimina chai, yake na yangu, nikasukuma kibodi pembeni.

"Kwanza niambie mnavyofanya," nikamwambia. "Tangu mchanga unapotoka shimoni. Polepole."